Viatu vya Mzee Saathoff

Sura ya Tano

Viatu vilikuwa vimepangwa sambamba, kamba zimeingizwa ndani, ncha zake zikitazama ukuta. Inspekta Talea Ubben aliviona tangu alipokata kona ya bohari, na hapo hapo akajua siku yake imeshaharibika.

Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vya mtu anayejua kutunza vitu. Hatua tatu nyuma yake gati lilikatika ghafla, na chini palikuwa na maji ya bandari ya Emden, kaskazini mwa Ujerumani, maji ya mwezi wa Machi, ya kumuua mtu kabla hajamaliza kuita mama yake. Boti ya wazamiaji ilikuwa ikizunguka pale tangu saa mbili. Mbele ya viatu lilisimama jengo refu la matofali mekundu, na kando ya jengo tingatinga la rangi ya njano lilikuwa kimya, dereva wake akitafuna mkate.

"Ni vyake," alisema Sajini Menno Haken, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo. "Binti yake amevitambua. Weert Saathoff, miaka sabini na mmoja, fundi mstaafu wa hapa hapa kiwandani. Ametoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili."

"Namjua."

"Unamjuaje, Inspekta?"

"Aliwahi kunizaba kofi. Nilikuwa na miaka tisa. Endelea."

Menno alitamani sana kuuliza, lakini alikuwa amefanya kazi na bosi wake huyo miaka kumi na miwili, kwa hiyo akameza swali lake. Alieleza kwamba jana jioni wafanyakazi mia tatu waliobaki waliitwa bwaloni wakaambiwa basi, yamekwisha. Kiwanda cha meli cha Tammena kilikuwa na miaka mia na ishirini. Kilianza kwa mashua za mbao za kuvulia samaki, kikaunda meli za chuma, za makaa, za vita, kikachomwa na mabomu mwaka 1944, Waingereza wakang'oa mashine zilizosalia, kikainuka tena kikaunda meli za madini ndefu kuliko mtaa mzima. Sasa kinakufa kwa sababu Wakorea wanaunda meli ile ile kwa nusu ya bei. Kusomewa tu hayo, Mzee Saathoff akapanda juu ya kiti.

"Akasema nini?"

"'Mkibomoa, nibomoeni na mimi.' Watu mia tatu wamemsikia."

"Kazi tunayo," alisema Talea.

Alichuchumaa. Jiwe la gati lilikuwa limelowa kwa mvua ya alfajiri. Karibu na viatu, upande wa maji, aliona mikwaruzo miwili myeupe, mipya, iliyoachana kama nusu mita. Akaigusa kwa kidole. Hakujua ni ya nini, akaiandika tu katika daftari lake.

"Menno, hebu tazama. Mtu anayejitosa huvua viatu akitazama anakokwenda. Huyu ameyapa maji mgongo."

"Labda alikuwa anaagana na jengo."

Lilikuwa jibu zuri, na lilimuudhi.

Hilke Saathoff alikuwa ndani ya gari la polisi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, bado amevaa koti la posta anakofanya kazi. Mikononi alikuwa ameshika kifaa kidogo cha kusaidia masikio, anakifinyafinya.

"Nimekikuta mezani," alisema kabla hajaulizwa. "Baba haendi hata chooni bila kidude hiki. Bila hiki hasikii hata bomu. Sasa niambie wewe, Inspekta, mtu anaacha masikio yake nyumbani kwa nini? Kwa nini, kama si..."

"Kama si nini?"

"Usinitajishe!"

Talea aliingia akakaa kando yake. Alijua habari za masikio. Baba yake mwenyewe aligonga ribiti, ile misumari minene ya kuunga mabamba ya chuma, katika kiwanda hiki, ndani ya matumbo ya meli, akafa bila kusikia sauti ya mjukuu wake hata siku moja. Wagonga ribiti wote walikuwa hivyo. Saathoff alianza na ribiti akiwa na miaka kumi na minne, kabla hajapandishwa kwenda kazi za juu, za michoro.

"Hilke, nisikilize. Mbali na viatu, nyumbani kumekosekana nini?"

"Sijui. Sikuangalia."

"Wewe ni mtu wa posta. Ukiingia chumbani unajua kipi hakipo. Funga macho."

Hilke alifumba macho. Machozi yakatoka, lakini alijikaza. "Chupa ya chai. Karatasi ya ukutani, bunda zima, ile nyeupe ya kubandika chini kabla ya ile ya maua. Nilikuwa nimeinunua ya chumba changu. Nta nyeusi ya washona viatu, ilikuwa dirishani. Na... kile kichupa cha zamani cha dawa ya kikohozi, anachotilia malai ya chai akienda kuvua samaki."

"Malai amebeba?"

"Kichupa hakipo. Na mabonge ya sukari yamepungua, maana mkebe umeachwa wazi."

Talea aliandika yote, halafu akaligonga daftari kwa kalamu. "Chai mtu anaweza kubeba kwa mazoea tu. Malai ni mipango. Hakuna mtu wa Emden anayebeba malai kwenda kujitosa."

Hilke alimtazama kama mtu aliyetupiwa kamba, ila hakuthubutu kuishika. "Jana usiku nilimwambia, 'Baba, ni matofali tu.' Hakunijibu. Akapanda kulala. Inspekta, kama hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, mimi nitaishije?"

"Hayajawa ya mwisho bado," alisema Talea. Akatoka haraka, maana hakuwa na haki ya kuahidi kitu kama kile, na alijua hivyo.

Daktari Lohmann alimpokea ofisini saa nne kasorobo. Huyu aliletwa kutoka Hamburg kuja kufunga kiwanda, na alikuwa anafunga kwa nidhamu: mafaili katika maboksi, maboksi katika mistari, viatu vyake vya kahawia vinang'aa utadhani havijawahi kukanyaga kiwanda. Si udaktari wa sindano, ni ule wa vitabu vya uchumi.

"Nasikitika sana," alisema, na Talea akaona kwamba kweli anasikitika, jambo lililomfanya awe mgumu zaidi kumchukia. "Lakini tingatinga limekodiwa kwa siku. Nimekubali lisimame mpaka saa sita. Mnatafuta majini, Inspekta. Jengo haliko majini."

"Jengo limekaguliwa?"

"Jana na leo. Chini palikuwa stoo ya rangi, patupu. Juu hapafikiki. Ngazi ya ndani iling'olewa mwaka wa sabini na saba, kompyuta zilipochukua kazi. Imebaki ya chuma ya nje, na mlango wake una kufuli lenye kutu ya miaka kumi na moja. Nendeni mkaone. Halijaguswa."

"Nimeliona. Halijaguswa." Na kweli alikuwa ameliona, akalivuta, likamwachia vumbi jekundu kiganjani. "Na mmeita?"

"Kwa kipaza sauti. Mara tano."

Talea alicheka bila furaha. Kumwita Weert Saathoff kwa kipaza sauti! Ungeita winchi, ingekuitikia kabla yake.

Juu ya meza palikuwa na kitabu chembamba chenye picha ya meli, *Tammena: Miaka 120*. Alikifungua. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi iliyopigiwa mstari kwa penseli, kwa nguvu hata karatasi ikachanika: *Michoro yote ya meli za kabla ya 1944 iliteketea, hakuna iliyosalia.*

"Nani kapiga huu mstari?"

"Yeye. Alirudisha kitabu na barua. Ya tatu hiyo." Lohmann alichomoa faili bila kutafuta. "Alitaka tuahirishe kubomoa. Anasema zipo meli chini ya rangi."

"Chini ya rangi?"

"Ndivyo alivyoandika. 'Meli zote zipo, chini ya rangi.' Inspekta, mimi nina baba wa miaka themanini. Kuna siku ananiita kwa jina la kaka yake. Nilijibu kwa heshima, nikaiweka faili."

Talea alisoma barua. Mwandiko ulikuwa umenyooka, wa mtu aliyechora maisha yake yote. Haukuwa mwandiko wa mtu aliyechanganyikiwa. Lakini meli chini ya rangi ni kitu gani? Aliitia barua mfukoni, akaomba ruhusa baada ya kuitia.

Kibanda cha getini alikuwamo Dirk Eilts, mlinzi, mtu wa miaka sitini mwenye masharubu ya njano. Daftari la getini halikuonyesha mgeni yeyote kabla ya saa moja na nusu.

"Hakupita mtu," alisema Eilts. "Wastaafu wote wamenyang'anywa vitambulisho jana. Amri. Mimi amri nafuata."

"Na hukusikia kitu?"

"Hicho nimesema mwenyewe kwa Sajini. Saa moja na robo hivi, majini, upande wa jengo la zamani. Chubwi! Kitu kizito. Upepo ulikuwa mkali, nikadhani ni ubao umeanguka." Akatazama dirishani. "Mungu anisamehe, nilikaa pale pale nikiota moto."

Talea alikuwa anatazama sinia dogo juu ya jiko. Birika, na vikombe viwili vya kauri vyembamba. Kimoja kilikuwa na tone la malai kwa chini, kijiko kiko kwenye sahani. Kingine kijiko kilikuwa kimesimamishwa ndani ya kikombe.

"Chai yako nzuri, Dirk?"

"Ya kawaida."

"Kijiko kiko ndani ya kikombe hiki. Umekunywa mwenyewe, ukajimiminia mwenyewe, halafu ukajiambia mwenyewe kwamba umetosheka, usijiongezee?"

Masharubu ya Eilts yalicheza. Katika mkoa ule mwenyeji anamimina mpaka mgeni atie kijiko kikombeni, na hakuna mgeni mwenye adabu anayekitia kabla ya kikombe cha tatu. Mtoto wa miaka mitano anajua hayo.

"Vikombe vitatu," alisema Talea. "Ni nusu saa hiyo. Mlizungumza nini?"

"Inspekta, wakijua nimemfungulia, na kiinua mgongo changu..."

"Dirk, binti yake yuko garini anakausha macho kwa koti la posta. Sema!"

Eilts alikaa chini kama gunia lililoachiwa. "Alikuja saa kumi na mbili na robo, kupitia mlango mdogo. Nilimfungulia bila kutoka nje, mvua. Ningemkataliaje? Huyu ndiye aliyenifundisha kushika patasi! Tukanywa chai. Tulizungumza kwa kupiga makelele, unajua alivyo. Nilimuuliza, 'Weert, wataka nini humu?' Akaniambia, 'Nina kazi ya siku moja.'"

"Alikuwaje? Mnyonge?"

"Mnyonge! Alikuwa anachekacheka kama bwana harusi. Ndiyo maana iliposikika chubwi sikumfikiria yeye. Sasa ndiyo najiuliza: labda mtu akishakata shauri, anafurahi?"

Talea alilifunga daftari, kwa sababu alishawahi kuona watu wa namna hiyo. Kazi ya siku moja. Karatasi, nta, chai na malai. Na kitu kizito majini. Kila alichokipata kilivutana na kingine.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Utaniandika?"

"Nitaandika kwamba mlinzi alikumbuka," alisema, akatoka mbio.

Saa sita kasoro dakika kumi Menno alipunga mkono kutoka gatini. Wazamiaji walikuwa wameshika kitu. Talea alimwona Hilke akishuka garini, akamwahi, akamshika begani.

"Usitazame."

"Nitatazama. Ni baba yangu."

Kamba ilikazwa. Maji ya kijivu yalivimba, yakapasuka, na kitu kirefu kikachomoza, cheupe, kikichuruzika. Hilke alitoa sauti ndogo.

Ilikuwa ngazi. Ngazi ya aluminiamu ya mita tano, safi kabisa, haina hata unyuzi wa mwani.

"Haijakaa hata siku moja humo," alisema mzamiaji kutoka botini. "Na mtu hakuna. Tumepapasa chini kote mpaka kwenye nguzo."

"Hiyo ni yetu," alisema Hilke polepole. "Ya bustanini. Ile rangi ya buluu kwenye kipago cha chini niliimwaga mimi. Sasa baba alileta ngazi ya nini?"

Talea alitazama miguu ya ngazi. Ilikuwa miwili, imeachana nusu mita. Alitazama mikwaruzo myeupe juu ya jiwe. Halafu akainua macho, taratibu, akipanda na ukuta. Mita nne juu ya viatu, chini kidogo ya paa, palikuwa na mlango wa mbao, mrefu na mwembamba, umerudishiwa. Kila mtu alikuwa ameuona na hakuna aliyeutazama. Huko ndiko zamani walikopitishia mbao ndefu za kupimia, ambazo hazikuweza kukata kona za ngazi.

Na hapo kofi lile la miaka thelathini na saba iliyopita likamrudia shavuni, moto moto.

Alikuwa ametumwa kumpelekea baba chakula. Akapotea njia, akapanda, akajikuta katika ukumbi mkubwa kuliko kanisa, sakafu yake nyeusi imejaa mistari mirefu iliyopinda, mizuri, imekatwa kwa ncha ya chuma. Akaikimbilia. Wanaume wote mle ndani walikuwa wamepiga magoti, wamevaa sapatu za sufu. Yeye alikuwa na viatu vyenye misumari. Kofi lilitoka kwa fundi kijana aliyeitwa Saathoff, na maneno yakafuata: *Hapa hapaingiwi na viatu! Unakanyaga meli!*

"Mimi mjinga!" Talea alisema kwa sauti. "Mimi mjinga wa kutupwa! Hakuvua viatu ili afe. Alivua ili aingie kazini!"

"Inspekta?"

"Ghorofa ya michoro, Menno! Meli wakizichora pale sakafuni kwa ukubwa wake wa kweli, kisha wakimaliza wanapaka rangi juu, wanakata nyingine. Meli zipo chini ya rangi! Mzee yumo humo ndani, hasikii, na ngazi yake imeangushwa na upepo!"

Kando ya jengo tingatinga lilikohoa, likawaka.

Menno Haken, mwenye tumbo lake, alikimbia siku hiyo kuliko alivyowahi kukimbia akiwa kijana. Talea alimpita. Mkono wa chuma ulikuwa umeshainuka na meno yake yanasogelea kona ya paa. Dereva alikuwa amevaa vizibo vya masikio, haoni wala hasikii ila kazi yake. Talea akapanda juu ya mnyororo wa tingatinga, akapiga kioo kwa kitambulisho cha chuma cha polisi mpaka kikapata ufa. Mkono ukasimama. Matofali mawili yalikuwa yameanguka.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima, zima, zima!"

Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko muziki.

Ngazi iliyolowa waliisimamisha mahali pake, juu ya mikwaruzo yake. Talea alipanda wa kwanza, akasukuma mlango mwembamba, akaingiza kichwa, kisha goti, kisha akarukia ndani.

Mwanga wa madirisha ya paa ulimwagika juu ya sakafu ndefu nyeusi. Mbali kule, karibu na ukuta wa mwisho, alikuwapo mzee mmoja amepiga magoti juu ya mto wa kochi, mgongo umeelekea mlangoni, makalio juu. Alikuwa anasugua nta juu ya karatasi ya ukutani iliyotandazwa sakafuni, mistari iliyokatwa chini yake ikijitokeza myeupe kwenye weusi, na kupiga mluzi usio na wimbo wowote. Kando yake ilikuwapo chupa ya chai.

"Asante Mungu," alisema Talea. "Asante, asante." Akaanza kumwendea, na kwa kila hatua sakafu ilitikisika.

Mzee alihisi mtikisiko magotini. Akageuka. Macho yake hayakwenda usoni kwa Inspekta, wala kwenye kitambulisho. Yalishuka moja kwa moja mpaka miguuni.

"VIATU!" alinguruma. "Nani kakulea wewe? Vua viatu! Unakanyaga meli!"

Talea Ubben, inspekta wa polisi, miaka arobaini na sita, alikaa kitako pale pale akavua viatu. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Mzee alimkazia macho. "Ngoja. Wewe si mtoto wa Ubben wa ribiti?"

"Ndiye," alisema Talea akikunjua midomo vizuri ili isomeke. "Na nastahili kofi la pili. Mzee, ngazi yako ilianguka, wanakutafuta majini!"

"Majini? Nina kichaa? Baridi hii!"

Nyuma ya Talea Hilke alikuwa ameingia. Viatu vya baba yake alikuwa amevikumbatia kifuani, na vyake mwenyewe alikuwa ameshavivua, hakuambiwa na mtu. Alitembea kwa soksi juu ya ile mistari mpaka alipomfikia, akapiga magoti, akamkumbatia shingoni kwa nguvu, na mzee akabaki ameinua mikono yenye nta asije akamchafua koti.

"Unalia nini? Hilke? Nimekuachia mkate wa saa nne kwenye sahani."

"Kidude chako, baba! Ulikiacha!"

"Kinapiga miluzi nikiinama. Nifanye kazi na filimbi sikioni?" Akamtazama vizuri, akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Aa. Mwanangu. Mlidhani..." Alimwekea mkono kichwani, nta na yote. "Pole. Pole sana, mama. Sikujua kama ngazi imeondoka. Sakafu ilipotikisika nilidhani wanashusha meli."

"Jana nilisema ni matofali tu."

"Ulisema kweli. Kuta ni matofali tu. Wazibomoe. Lakini njoo uone."

Alikuwa amekwangua rangi ya juu kwa kisu, kipande cha upana wa meza. Chini yake palikuwa na rangi nyingine, na chini yake nyingine. Alionyesha kwa kidole. Hapa ile meli ya madini ya mwaka 1965, ambayo Hilke alishuhudia ikibatizwa akiwa msichana. Chini yake meli ya makaa. Chini yake za vita. "Hizi nazo nazitoa, sizifichi," alisema. Na pembeni ya hizo, karibu na ukuta, palikuwa na jina lililokatwa na ncha ile ile ya chuma: *Wasyl*, na mwaka, 1943. "Huyu aliletwa kwa nguvu wakati wa vita, na wenzake, kutoka mashariki. Alikuwa na mkono wa fundi kunizidi mimi. Tafuta jina lake ndani ya kitabu chao."

Na chini kabisa, kwenye ubao mtupu, mstari mmoja mwembamba uliopinda kwa upole.

"Mashua namba moja," alisema Mzee Saathoff. "Mwaka 1868. Babu yangu alikata huu mstari. Moto wa mabomu haukufika huku juu, hakuna kilichoteketea. Wamekaa juu yake miaka yote, halafu wanaandika hakipo!"

Mlangoni pakasikika mtu anahema. Daktari Lohmann alikuwa amepanda ngazi iliyolowa, tai imekaa begani, rangi ya uso imemtoka. Kutoka pale aliona mzee yu hai, na mabega yake yote yakashuka.

"Bwana Saathoff," alisema. "Ningekuua. Saa sita kamili ningekuua."

Alitaka kuingia. Weert Saathoff aliinua kidole kimoja cheusi, akakielekeza chini.

Lohmann alitazama viatu vyake vya kahawia. Akaviona pia vingine mlangoni, jozi tatu zimepangwa sambamba, maana Hilke alikuwa amevirudisha huko vya baba yake na vya Talea, akavipanga pamoja na vyake. Akainama, akafungua kamba, akavua, akaviweka jozi ya nne. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitoka nje kabisa.

Alitembea kwa uangalifu mpaka kwenye ule mstari, akachuchumaa, akaufuata kwa kidole bila kuugusa. Mzee alimimina chai katika kifuniko cha chupa, akatia bonge la sukari, akadondosha malai kutoka kichupa cha dawa ya kikohozi, akampa.

"Unahitaji siku ngapi?" Lohmann aliuliza, kisha akakumbuka, akageuza uso wake usomeke. "Kunakili zote hizi, unahitaji siku ngapi?"

Mzee alihesabu kwa macho, kutoka ukuta mpaka ukuta. "Peke yangu, wiki sita. Nikipata watu wenye magoti mazima, mbili."

"Chini kuna watu mia tatu hawana kazi," alisema Hilke.

Lohmann alikunywa chai mpaka chini. Kisha akaenda dirishani na soksi yake iliyotoboka, akamwita dereva kwa sauti kubwa, akamwambia aende nyumbani kwake.

Aliporudi alinyoosha kifuniko. Hakuwa na kijiko cha kutia ndani, na mzee akammiminia tena.